Kiti Kilichommeza Mama

Mimi ni fundi seremala, na katika maisha yangu nimetengeneza kiti kimoja tu ambacho watu walikuja kukitazama. Vingine vyote ni vya kukalia. Kile nilimtengenezea mama yangu, na kama angeniruhusu ningekipasua kuni siku ileile nilipojua kilichokuwa kikimfanya. Lakini nitangulie kusema ukweli: kiti hakina akili. Mwenye akili nilikuwa mimi, na nilijiona ninazo nyingi.

Mama alikuwa na miaka sabini na minne wakati huo. Kwa miaka thelathini na mmoja alifua shuka za hospitali kwa mikono, kabla mashine hazijaletwa, na miaka kadhaa baada ya kustaafu alihamia kwetu, mimi na mke wangu, kwenye chumba kinachotazama uani. Watoto wetu walishaoa na kuolewa, nyumba ilikuwa kimya, na mama hakuupenda ukimya. Alfajiri alikuwa ameshaamka, amefagia uwanja, amefua hata kisichochafuka. Kisha anavaa viatu vyake vya raba, anakwenda kuuzunguka ukuta wa shule iliyo mtaa wa pili. Mizunguko sita. Aliihesabu kwa vifungo vya shati: alitoka na vifungo sita kwenye mfuko wa kulia, na kila akimaliza mzunguko alihamishia kimoja mfuko wa kushoto. Mke wangu alimuuliza siku moja kwa nini asihesabu kichwani kama watu wengine.

"Kichwani mwangu kuna mambo mengi," alisema mama. "Mfuko hausahau."

Mimi mambo yale yaliniudhi, sitaficha. Karakana yangu iko mbele ya nyumba, barabarani kabisa, na wateja walimwona akipita na fagio. Jirani mmoja, fundi wa redio, mtu ambaye sijawahi kumwona akimnunulia mama yake hata leso, aliniuliza mbele ya mteja: "Fundi, una mke, una nguvu, na bado bibi ndiye anayefagia?" Nilicheka, lakini maneno yale yalinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Dada yangu mkubwa, anayeishi mji mwingine, alipiga simu kila Jumapili kuuliza kama mama anapumzika, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayelijua jibu tayari. Basi kila nilipomkuta mama ameinama na fagio, nilimnyang'anya.

"Hata mgeni siku ya tatu hupewa jembe," aliniambia. "Mimi nina miaka minne hapa, nisipewe hata fagio?"

Kisha akaanguka. Hakuanguka kwa uzee. Aliteleza kwenye maji ya sabuni karibu na karo la kufulia, mahali ambapo mimi mwenyewe nimeteleza mara mbili na hakuna aliyeniambia nikapumzike. Alivunjika kifundo cha mkono wa kushoto, na nyonga ikavilia damu. Hospitali walimfunga plasta, wakamlaza siku tatu. Siku ya kuruhusiwa akaja dada wa mazoezi, yule ambaye kazi yake ni kuwarudisha wagonjwa kwenye miguu yao. Alikuwa binti mwembamba mwenye saa kubwa mkononi, rika la binti yangu wa mwisho. Akaniita pembeni.

"Baba, kilichovunjika ni mkono. Miguu yake mizima," alisema. "Kuanzia kesho atembee. Mtafutie kiti kigumu, kirefu kidogo, awe anasimama na kukaa, mara kumi asubuhi, kumi mchana, kumi jioni. Na kazi ndogo ndogo msimnyime. Mtu wa umri wake akikaa bure wiki mbili tu, nguvu za miguu zinaondoka, na kuzirudisha ni kazi ya miezi. Kuna ambao hazirudi."

Akaniandikia yote kwenye karatasi. Nilimshukuru, nikaikunja, nikaitia mfukoni, na moyoni nikasema: mtoto wa juzi ananifundisha kumtunza aliyenizaa? Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Juu ya mkuu asiyesikia la mdogo hawakusema neno, na mimi nikaona hiyo ni ruhusa.

Niliweka pembeni kazi za wateja kwa siku tisa. Nilikuwa na mbao nyekundu nilizozikausha miaka sita kwa ajili ya mlango wa nyumba yangu mwenyewe, na ndizo nilizozikata. Mgongo wa kiti niliulaza nyuma. Mahali pa kukalia nilipashusha chini, kwa sababu mama ni mfupi na sikutaka miguu yake ining'inie. Nikaweka sponji nene ya inchi sita, kitambaa laini, na kibao cha kupumzishia miguu. Mahali pa kuwekea mikono nilipachonga mviringo na kupapiga msasa siku mbili nzima, mpaka pakateleza kama sabuni.

Watu walikuja kweli. Fundi wa redio alikijaribu, akafumba macho, akasema, "Sasa huku ndiko kuzaa mtoto." Dada yangu alitumiwa picha, akalia kwenye simu, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi hakunilaumu kwa lolote. Mama alikaa wa mwisho, watu wote wakimtazama. Alizama mpaka magoti yakawa juu kuliko tumbo.

"Kimenimeza," alisema, na sote tukacheka. Yeye hakucheka. "Nikitaka kutoka?"

"Unatuita, mama. Ndiyo kazi yetu." Nikamwekea pembeni kikombe cha bati na kijiko, awe anagonga.

Wageni walipoondoka alituita mimi na mke wangu, tukasimama mbele yake. "Nimekubali," alisema. "Nipikieni, nifulieni, nifagilieni. Lakini chooni nitakwenda mwenyewe. Hilo moja nawaomba. Nimefua shuka za watu waliokuwa wakipelekwa chooni, na nimefua za watu ambao hawakupelekwa tena. Najua mtu anavyotoka hali hii akaingia ile. Mimi sitaki kuingia."

"Hilo limepita, mama," nilisema. Choo chetu kiko upande wa pili wa uwanja, hatua ishirini na mbili kutoka mlango wa chumba chake. Nilitoa ahadi ile kirahisi kama mtu anayeahidi kufunga dirisha.

Baada ya wiki sita plasta ilitolewa, na mkono ulikuwa umepona vizuri. Mama aliomba fagio siku hiyohiyo. Nikamwambia limevunjika. Nilikuwa nimelificha karakana, nyuma ya mbao. Akaomba viatu vyake vya raba, nikasema njia ya shule imechimbwa mitaro, mtu hapiti. Alinitazama kitambo. Alinijua tangu sijaota meno, na alijua ninavyokuwa nikisema uongo.

Siku moja mchana niliingia ndani kutafuta penseli yangu, nikawakuta. Mama ameshika ukingo wa kitanda, anasimama, anakaa, anasimama, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Mke wangu yuko mbele yake na karatasi mkononi, anahesabu kwa sauti ya chini. "Sita. Saba." Ile karatasi ya dada wa mazoezi aliiokota mfukoni mwa suruali yangu wakati wa kufua, na kwa muda wa mwezi mzima, kila nilipokuwa karakana, walikuwa wakifanya mazoezi hayo kwa siri, kama watu wanaoiba.

Nilikasirika kupita kiasi. Yote niliyomwambia mke wangu sitayarudia hapa. Moja lilikuwa kwamba angekuwa mama yake mzazi asingemtesa hivyo. Mke wangu aliiweka karatasi kitandani, akatoka kwenda kuanua nguo. Aliyejibu ni mama.

"Shuka mbichi tulikuwa tunaikamua wawili, mmoja huku, mmoja kule," alisema, bado anahema. "Peke yako huiwezi. Hii heshima yako, mwanangu, ni nzito kuliko shuka, na mkeo alikuwa amenishikia upande wa pili."

Nilimshika bega, nikamrudisha kwenye kiti. Hakubishana. Ningependa kusema alibishana, lakini hakubishana.

Baada ya siku hiyo karatasi haikuonekana tena, na miguu ya mama ikaanza kwenda taratibu. Kwanza alikuwa anapumzika mara moja katikati ya uwanja, ameshika kamba ya nguo. Baadaye mara mbili. Baadaye akaacha kukata uwanja katikati, akawa anauzunguka kwa kufuata ukuta, kiganja kikiburuzika juu yake, na safari ikawa ndefu zaidi. Kumtoa kwenye kiti nilimvuta kwa mikono miwili, kama mtu anayevuta ndoo kisimani, kisha namwachia aende peke yake, maana tulikubaliana. Nilijiona mtu wa kutunza ahadi. "Ni uzee," nilimwambia dada yangu kwenye simu, naye akasema, "Ni uzee." Fundi wa redio alisema, "Uzee huo, Fundi, nani ataukwepa?" Neno lile lilitufaa sana sote, kwa sababu halikumlaumu mtu.

Mke wangu ndiye aliyegundua jambo jingine. Vikombe vya chai vilikuwa vinarudi jikoni vimejaa. Glasi ya maji ya asubuhi ilikuwepo mpaka jioni, ina vumbi juu. Mama alikuwa amepunguza kunywa ili safari za chooni zipungue, maana kila safari ilikuwa inamtoa roho. Nilimgombeza. Akanywa mbele yangu mafunda mawili kunifurahisha.

Mwezi wa nane wa kiti kile akashikwa na homa. Mkojo ulikuwa na ugonjwa, mwili umekauka, na akili ikawa inakuja na kuondoka. Aliniita kwa jina la marehemu baba na kuniuliza kama mashuka yamekauka. Tukamkimbiza hospitali. Siku ya tatu, homa iliposhuka, alikuja yule yule dada wa mazoezi na saa yake kubwa. Alimkumbuka mama. Alimfunua miguu, akalizungushia paja mkono wake mmoja, na vidole vilikaribia kukutana. Akamfunika tena vizuri.

"Huwa anakaa wapi, baba?"

Naona aibu kusema, lakini nilifurahi kuulizwa. Nilitoa simu, nikamwonyesha picha.

"Kiti kizuri," alisema. "Nani ametengeneza?"

"Mimi."

Alinirudishia simu. Kisha akasema, "Baba, samahani. Chuchumaa hapo."

Nilichuchumaa pale wodini, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, mbele ya wagonjwa.

"Weka mikono kifuani. Usishike kitu. Sasa simama."

Nilisimama, lakini magoti yalialika, nikapepesuka, nikashika kitanda cha mama nisianguke.

"Wewe unabeba mbao kila siku," alisema, bila ukali. "Yeye amekaa hivyo miezi minane."

Ukinipa mlango mzito nitakuambia bawaba zikae wapi hata kabla sijaupima. Kwamba mtu ambaye magoti yake yako juu kuliko nyonga hana pa kujisukumia, hilo lilihitaji elimu gani? Futikamba na dakika moja tu. Nilipima miguu ya mama isining'inie, nikapima upana wa mgongo wake, nikapima mpaka visigino. Sikupima atakavyoinuka, kwa sababu sikuwa nimepanga ainuke.

Tulipomrudisha nyumbani nilichukua shoka. Mama akiwa kitandani aliniambia niache. "Mbao nzuri hivyo. Mpe jirani." Basi nikampa fundi wa redio, na yumo ndani yake mpaka leo, tumbo linakua.

Nilitengeneza kiti kingine, kigumu, kirefu, chenye mahali bapa pa kuwekea mikono. Nilichimbia nguzo uani na kupitisha reli ya mbao kutoka mlango wa mama mpaka mlango wa choo, nikaipiga msasa kiasi tu, isimchome na isimteleze. Fagio nilimrudishia. Mke wangu nilimwomba radhi, naye akasema, "Wa kuombwa si mimi." Nikaenda nikapiga magoti mbele ya mama.

"Inuka," alisema. "Ulikuwa unanipenda." Sijawahi kupewa adhabu nzito kuliko hiyo.

Tulianza mazoezi uso kwa uso, yeye kwenye kiti chake, mimi kwenye kigoda. Asubuhi, mchana, jioni. Siku za kwanza aliinuka nusu, akarudi chini. Mimi nilihesabu kwa sauti, na kila niliposimama magoti yangu yalialika. "Nani mgonjwa hapa?" aliuliza mama. Wiki ya tatu alisimama mara mbili bila kushikwa. Wiki ya tano mara nne, na akafuata reli hatua kumi kabla hajaniambia nilete kiti. Nilimpigia simu dada yangu nikamtangazia hatua kumi kama mtu aliyefaulu mtihani. Mke wangu alivitoa viatu vya raba chini ya kitanda, akavifuta vumbi, akaviweka mlangoni. Nilianza hata kupita ukuta wa shule nikitoka dukani, kuangalia kama njia haina mashimo.

Kisha kikaja kikohozi. Hakikuwa kitu kikubwa. Mtaa mzima ulikohoa majuma yale, mimi pia. Mimi nilikohoa siku nne nikiwa napiga randa. Mama alilala siku kumi na mbili. Alipotoka kitandani miguu haikuwa yake tena. Nilimshika kwapani, nikahisi inakunjika chini yake kabla hata hajaikanyagia.

"Tunaanza upya," nilimwambia. "Tulishaweza mara moja, tutaweza tena."

"Haya," alisema mama.

Alijaribu siku tatu. Alisukuma kwa mikono, uso ukamkunjamana, mwili ukanyanyuka kiasi cha vidole vinne na kurudi. Kila aliposhindwa alinitazama usoni haraka, na siku ya tatu ndipo nilipoelewa anachotafuta. Alikuwa anaangalia kama nimeumia. Miguu alishaachana nayo. Yale mazoezi alikuwa ananifanyia mimi.

Siku ya nne, baada ya chakula cha mchana, aliniita. Nilitoka karakana na vumbi la mbao mikononi. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya mapaja.

"Nataka kwenda chooni," alisema.

"Haya, mama. Tusimame. Moja, mbili..."

"Nibebe, baba."

Sikusogea. "Reli ipo, mama. Tutakwenda polepole. Hata tukitumia saa nzima, mimi sina haraka."

"Najua huna haraka," alisema. "Nibebe tu."

Nilimtia mkono mmoja mgongoni, mwingine chini ya magoti. Kazi yangu ni kubeba. Ubao nikiutazama naujua uzito wake kabla sijaugusa. Nilijiandaa kwa mzigo mkubwa kuliko ule, na nilipoinua nikayumba nyuma, nusura tuanguke wote wawili. Mke wangu alikuwa anaanika nguo. Alituona tunatoka, akageuzia uso ukutani na kubaki hivyo, nguo mkononi. Nilipita kando ya reli mwanzo mpaka mwisho. Mama hakuitazama. Kichwa alikuwa amekilaza begani kwangu na pumzi yake ilikuwa fupi, ingawa aliyekuwa akitembea ni mimi.

Nilimkalisha, nikamrekebishia nguo, macho yangu pembeni. Nikageuka nitoke, nivute mlango, nimngojee nje kama tulivyofanya siku zote. Akanishika shati.

"Usitoke," alisema. "Nitaanguka."

Nikabaki mle ndani, nimemshika mabega yote mawili, natazama ukuta, mpaka alipomaliza.